Chupa ya Tisa

Chupa ya tisa ilikuwa imetulia mno.

Fundi wa seli aliisogeza tena chini ya darubini, akakaza macho. Ilikuwa siku ya tatu tangu seli zilizooteshwa humo zipewe virusi vya kuhara. Kufikia sasa zilipaswa kuwa zimejikunja mviringo, zinabanduka na kuelea kama pumba, maana zinapokufa ndipo virusi vya kutengenezea chanjo ya watoto vinapopatikana. Hizi zilikuwa zimelala bega kwa bega, nzima, kama wageni walioshiba.

Akapitia na chupa nyingine, zote vilevile. Akafungua daftari. Jana jioni mwenzake wa zamu, waliyemwita Mpole, alikuwa ameandika: Chupa zote, seli zinabanduka vizuri.

"Kaka, hizi chupa jana ulizitazama?"

"Nilizitazama." Mpole hakuinua uso kutoka kwenye sinki. "Kwani vipi?"

"Seli ziko nzima."

"Umechoka, dada. Hebu pumzisha macho."

Hakuyapumzisha. Alingoja Mpole aende kunywa chai, akafungua friji. Kichupa cha kimeng'enya, dawa inayoviamsha virusi viweze kuingia ndani ya seli, kilikuwa bado na kifuniko chake cha bati. Hakijafunguliwa. Na kwenye fomu Mpole alikuwa ameandika hadi dakika aliyokitia.

Mpole aliporudi alimkuta amekishika mkononi.

"Mke wangu alipiga simu siku ile, mtoto kaanguka," alisema taratibu. "Nikakimbia. Nikajiambia nitakitia kesho, ikanipita. Sasa utaniharibia kazi kwa chupa ishirini?"

"Ni hizi tu?"

Mpole alianza kufuta meza iliyokuwa safi.

Mchana ule fundi alipeleka fomu kwa mkuu wa maabara. Mkuu alizisoma zote, kisha akainuka na kufunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

Swali hilo halikumkaa vizuri fundi. Alitazama kitasa, akatazama mkono wa mkuu juu ya zile karatasi.

"Nimeshamwambia mkaguzi wa serikali," alidanganya.

Mkuu aliondoa mkono juu ya karatasi. Akatoa kalamu na kuandika: Zimwagwe. Na si zile ishirini tu. Kila chupa iliyokuwa na mwandiko wa Mpole, kazi ya miezi miwili. Mpole akahamishiwa stoo.

Tangu hapo, fundi akiingia chumba cha chai mazungumzo yalikatika, vijiko vikaanza kukoroga vikombe vitupu. Hakuna aliyemsema. Walimsalimia vizuri, vizuri kupita kiasi.

Wiki ya tatu alifungua daftari ili aandike hali ya seli mpya. Kando ya kila mstari wake, tangu Jumatatu, palikuwa na alama ndogo ya penseli. Mtu alikuwa anapita nyuma yake, anazitazama chupa zake moja moja.

Aligeuka. Wenzake wanne walikuwa wameinamia darubini zao, migongo kwake.

Akaangalia saa ya ukutani, akaandika saa na dakika, kisha akaacha nafasi kidogo pembeni mwa mstari, ya ile alama ya penseli.