Magoti Yamefutwa

Phengta alikuwa akikoroga supu ya tambi za mchele kwenye lango la soko la asubuhi, Vientiane, mji mkuu wa Laos, alipomwona Thongsavat anakuja na kofia mpya ya wanamapinduzi. Kofia tu ndiyo ilikuwa mpya. Tumbo lilikuwa lile lile.

"Mfalme kajiuzulu juzi, huyu kazaliwa leo," Mama Sida, muuza mboga wa jirani, alinong'ona.

Miaka yote ya ufalme Thongsavat alikuwa bwana soko, na Phengta alimpelekea bakuli akiwa magotini, maana kichwa cha mdogo hakipandi juu ya kichwa cha mkubwa. Ufalme ulipopewa katiba Phengta alikuwa msichana. Wakaambiwa raia sasa ana haki zake. Za kwake anazitafuta mpaka leo. Za Thongsavat alizijua, ni kula bila kulipa. Ikaja vita, ukaja uhaba, mpaka wa mto Mekong ukafungwa na nyama ya nguruwe ikawa haishikiki. Wakubwa wakavuka mto na dhahabu zao. Thongsavat hakuwa na dhahabu ya kutosha, akaona bora abadili kofia.

Sasa alipanda juu ya kreti.

"Ndugu zangu! Ubwana umekwisha! Hakuna tena kupigiana magoti, magoti yamefutwa! Na leo nagawa upya nafasi za wauzaji."

Phengta akalitazama lango lake, wanakopita wateja wote. Nyuma ya soko kulikuwa na mtaro wa machinjio, na mteja wa huko ni nzi.

Thongsavat akashuka, akaketi. "Mama Phengta, supu. Nyama nyingi. Halafu tuongee habari ya nafasi yako."

Phengta akabeba bakuli. Magoti yakaanza kujikunja yenyewe, yalivyozoea. Akayakatalia. Akaja wima kama mlingoti, bakuli likapita juu ya kofia mpya, na mchuzi ukaidondokea.

Thongsavat akaifuta kofia kwa kiganja.

"We mama! Jishushe kidogo bwana, watu wanaona!"

"Nijishushe, ndugu? Si nitaambiwa napinga serikali?"

Mama Sida akaficha uso kwenye kabichi, mabega yakimtikisika.

Thongsavat alikula yote, akalamba kijiko, akafuta mdomo. Hakulipa. Akanyoosha kidole nyuma ya soko.

"Mtaroni. Taifa linakuhitaji kule."

Phengta akahamisha masufuria peke yake. Kesho yake aliuza mabakuli machache mno, akashinda akipunga nzi. Jua lilipokuwa kali akatokea Thongsavat, leso puani, njaa machoni. Supu ya aliyepewa lango ilikuwa maji ya moto tu.

"Kuna kiti, mama?"

"Kipo, ndugu."

Akamsogezea kigoda cha kumenyea vitunguu, kifupi kuliko vyote. Thongsavat akakaa, magoti yakamfika kidevuni, kofia ikawa chini ya kiuno cha Phengta.

Phengta akanyoosha mgongo, akachota supu, wala hakuwa na haraka.