Mistari ya Bibi Somoe

Kwa heshima na taadhima zote, nalala. Ni Jumapili ya wazazi, saa nane mchana, bweni zima linakoroma, na wanaojipenda wamelala kifudifudi, maana kalamu yangu inajulikana: ukilala chali karibu nami unaamka na masharubu. Juzi nilimchora Lwitiko wa kitanda cha juu, mistari ya kupinda mashavuni na nyota kwenye paji, darasa likacheka, likamwita mla panya. Sikuwaambia kwamba mistari ile naijua hata nikifumba macho, kwa kuwa ni chale za bibi yangu, Bibi Somoe, alizochanjwa usoni akiwa msichana huko Newala. Na leo asubuhi kaja mwenyewe, kasafiri siku mbili na uso wake ule, na bakuli la ming'oko, mizizi ya porini aliyoichimba na kuichemsha, limefungwa kwa kanga. Lwitiko akaniuliza, huyu nani? Nikasema, analeta vitu jikoni. Bibi alisikia. Akasema, ndiyo, wanangu, jikoni ni wapi? Nikamwonyesha kwa kidole.

Kidole chenyewe hakijashuka. Kinanivuta kitandani, kinapenya ukuta, nami nakifuata kama mbuzi wa sikukuu, na nje hakuna uwanja wa mpira, kuna barabara, na barabara inazaa barabara, na zote zinaingia mji mmoja wenye kuta za vioo, kila nyumba inajitazama ng'ambo. Ndani watu wamekaa mikekani, wanakula sinia moja. Huku mikono ina hina hadi viwikoni na pilau inanukia, kule meno yamechongwa na maziwa yamegandia kibuyuni, na kila mlango ninaobisha wananitazama usoni, hawaoni kitu, wanasema, hapa si kwenu, endelea. Naendelea. Kwenye njia panda amesimama mtu asiye na uso, laini kama yai. Shikamoo, namwambia, maana nikiogopa huwa na adabu sana. Marahaba. Namtafuta Bibi Somoe, wa ming'oko. Anakaa nyumba uliyokwisha kutoka. Nafikaje? Rudi mbele. Na uso wako, mzee, umekwenda wapi? Mtu aliniuliza, huyu nani, nikamjibu.

Najipapasa. Pua yangu imeanza kulala. Natoa kalamu haraka, najichora mbele ya kioo, mistari, nyota, yote, na nikigeuka mlango uko wazi na Bibi amekaa na watu wetu wote, bakuli katikati, chumvi na pilipili pembeni. Ananishika shavu, wino unabaki kwenye kidole gumba chake. Umekosa mmoja, anasema. Chini ya jicho la kushoto. Mingine yote nililia, ule tu sikulia. Miaka mitano umekaa mapajani mwangu, mwanangu, ulikuwa unatazama nini? Bibi, nisamehe, nina njaa. Hasemi hapana. Hilo ndilo linaloniumiza, hasemi hapana. Anasogeza kiti mbali na mkeka, ananiwekea sahani yangu peke yangu, na kijiko, mimi niliyefundishwa naye kumenya ming'oko kwa kucha. Karibu, mgeni, anasema, kwa upole kabisa, na wote wanapisha kidogo kama wanavyompisha mgeni. Natafuna. Ming'oko ina ladha ya wino.

Naamka na Lwitiko ananiinamia na kalamu yangu mkononi, anacheka hadi anakohoa. Tumelingana, bwana. Nanyakua kioo chake. Mistari ni ile ile niliyomchora juzi, na chini ya jicho la kushoto kuna mmoja zaidi. Huu umeutoa wapi? Upi? Mimi sijachora huko. Nakimbia jikoni hivyo hivyo, uso ukiwa umechorwa. Mzee Ngulwa, mpishi, anayenipakulia maharage mwaka wa tatu na kunifukuza kwenye ukoko kila Jumamosi, yuko peke yake. Bakuli liko mezani, kanga imekunjwa kando. Mzee, yule bibi yuko wapi? Ameondoka. Alisema ana mjukuu wake hapa, ila leo hakumwona. Nanyoosha mkono kwenye bakuli. Mzee Ngulwa ananitazama usoni kwa muda, kama anayejaribu kukumbuka, kisha anavuta kiti, anapangusa kijiko kwa aproni, anaweka sahani moja pembeni.

Karibu, mgeni.