Anwani ya Arobaini na Saba

Jumanne saa nne asubuhi, Nusrat alikuwa amechuchumaa chini ya meza ya mapokezi ya kiwanda cha samaki, Mwanza, akichomeka waya wa mwisho. Alikuwa ameajiriwa kwa siku mbili kuipa kila mashine anwani ya ndani, na kila anwani jina, ili anayetafuta mizani aandike "mizani" badala ya msururu wa tarakimu. Anwani hizo ni kama namba za vyumba vya gesti: mtu akiwa barabarani hazimfikishi popote.

Alipofungua orodha alikuta majina kumi na tisa. Yeye aliingiza kumi na nane. La ziada lilikuwa "kashindye", kwenye anwani inayoishia na 47.

Akalifuta, akaenda kunywa chai. Aliporudi lilikuwepo. Akaipigia hodi ile anwani, ikaitikia upesi kuliko printa. Nusrat alikuwa na udadisi wa kukosesha watu usingizi, akaufuata waya wa anwani hiyo mpaka chumba cha barafu. Ncha yake ilining'inia ukutani, haikuchomekwa popote.

"Huyo ni kibarua wetu," alisema Masele, mtunza chumba, alipotajiwa lile jina, huku akipanga sangara. "Mlango ulimfungia humu mwezi wa tatu, akafa. Vibarua hatuandikwi majina, tunapewa kibao cha namba getini. Yeye alipewa arobaini na saba. Mwache, dada, hasumbui mtu."

"Ofisi inasemaje?"

"Aliruka ukuta kuiba. Kibao chake wamechonga kingine, ionekane hakuchukua namba getini."

Nusrat alimpelekea meneja Alexander orodha. Alexander aliisoma yote bila haraka.

"Hili la mwisho, mtu wa nje analiona?"

"Hapana, bosi. Ni la ndani tu."

"Basi liache," akasema, akasaini kwamba kazi imekamilika.

Getini alikaa Rose, mjane wa Kashindye. Alikuwa akija kila siku kuomba barua moja tu, iseme mumewe alikuwa kazini, maana shuleni wanawe waliitwa watoto wa mwizi. Nusrat alimwamkia, akaomba simu yake, akaiunganisha na mtandao wa kiwanda. Rose akaandika jina la mumewe. Ukurasa ukafunguka, una mstari mmoja: *Niliingia kwa geti.*

"Ni yeye," Rose akasema. "Hanaga maneno mengi." Furaha ilimjaa hata akasahau kandambili moja chini ya benchi. Alikimbilia kituo cha bodaboda kumwonyesha shemeji yake, lakini alipovuka barabara ukurasa ulikuwa mweupe. Akarudi, akavaa kandambili.

Kesho yake mlinzi alimpangusia benchi. Saa nne Alexander alipita, akasimama.

"Mama, nimekwambia mara ngapi? Mumeo aliruka ukuta."

"Nimesikia, bosi," alijibu Rose. Akasogea kidogo kumpisha, akaendelea kusoma simu yake.