Banda la Koulsoum

Rabiata alikuwa akigeuza vikate vya mchele kikaangoni aliposikia paka akilia nyuma ya jiko. Alitoka na mwiko mkononi, akamkuta mbwa mkubwa wa kahawia amembana paka wake, Sukari, ukutani. Akamtandika mwiko wa mgongo, na mbwa akaenda zake bila haraka. Mbwa huyo aliachwa na bwana mmoja Mfaransa mwaka wa uhuru, alipofunga nyumba yake akapanda meli, na tangu hapo anazurura mtaa mzima wa Antanimasaja kana kwamba amerithishwa yeye.

Sukari alikuwa amechanika paja. Rabiata alifanya alivyofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani: mate ya mbwa ni najisi, huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Akachota udongo, akamsugua paka wa watu kidondani kwa imani safi kabisa.

Jirani yake Koulsoum, asiyependa paka hata kidogo kwa sababu ya vifaranga vyake, alichungulia uani.

"We Rabiata, unafanya nini?" alimuuliza kwa Kingazija. "Udongo ni wa chombo kilicholambwa na mbwa, dada. Kidonda kinataka sabuni. Na jifunge matambara mikononi kwanza."

Wakaosha upya kwa maji mengi na sabuni ya kufulia hadi udongo wote ukatoka. Jikoni vikate viliungua, na mchele ulikuwa umepanda bei tena wiki ile, lakini Rabiata hakugeuka. Paka yule aliletwa na marehemu mumewe, Bourhane, safari yake ya mwisho kutoka kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, kisiwani Nosy Be. Hakumwachia kingine chenye uhai.

Kwenye ofisi ya mifugo, alikokwenda kuomba dawa ya paka, afisa alimsikiliza Rabiata huku akichonga penseli.

"Huenda mbwa ana kichaa," alisema kwa Kifaransa cha ofisini. "Paka auawe, au afungiwe miezi kadhaa kwenye banda la waya, asiguswe na mtu. Una banda?"

"Sina."

"Basi jioni tutakuja kumchukua."

"Na mbwa?"

"Mbwa yule ana mwenyewe. Hatuwezi kugusa mali ya mtu."

"Mwenyewe yuko Ufaransa, bwana."

"Ndiyo maana lazima aandikiwe kwanza."

Rabiata alilia njia nzima, wala hakujificha. Alipofika nyumbani alimweleza Koulsoum yote, na Koulsoum akaenda uani kwake, akainama, akaanza kuwatoa kuku wake mmoja mmoja kwenye banda lao la waya.

"Watalala jikoni kwangu," Koulsoum alisema. "Mwingize kabla sijabadili nia."

Tangu azikwe Bourhane hakuna mtu aliyemfanyia Rabiata kitu bila yeye kuomba. Alimshika Koulsoum mkono akaubusu, na Koulsoum akaupokonya, akamwambia aache upuuzi, alete maji ya paka.

Jioni afisa alikuja na askari. Alitikisa waya, akatafuta tundu, akakosa. Akamtazama paka, akalitazama banda, akafuta mikono yake.

"Una bahati, mama. Ishukuru serikali. Serikali hii yetu ina huruma."

"Nimeshamshukuru Koulsoum," Rabiata alisema, akachukua ufagio, akaenda jikoni kwa jirani yake kufagia mavi ya kuku.