Ufa wa Jukwaa la Mashariki

Plasta ilikuwa imekatika katikati. Dorkasi aliinama, akapitisha ukucha ili ahakikishe si kivuli, kisha akarudi nyuma hatua tatu.

Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Ule uwanja mkubwa wa zamani wa michezo ulikuwa unabomolewa kipande kwa kipande. Paa lilikwisha kushushwa, na juu ya kila ufa wa jukwaa la mashariki mhandisi alikuwa amepaka plasta nyembamba. Ikikatika, maana yake zege limesogea. Hapo Dorkasi alitakiwa kupuliza kipenga, na mafundi wote kumi na wawili waache kila kitu watoke.

Asubuhi alikwisha kupuliza mara moja. Mhandisi alipima, akasema ni jua tu limekausha plasta vibaya, akapaka nyingine na kuondoka kwenda kikaoni mjini. Mafundi walimcheka Dorkasi. Wambura, msimamizi wao, hakucheka. Alimwambia kwa upole kwamba akirudia, atatafutwa mtu mwenye macho mazuri zaidi. Dorkasi alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Tisa kati ya hiyo aliimaliza kwenye machimbo ya Mkonze akiponda kokoto, na mgongo wake usingeweza kurudi kule.

Kwa hiyo alisimama na kipenga mdomoni bila kupuliza. Upepo wa mchana ulikuwa mkali, umebeba vumbi jekundu. Labda ni upepo, alijiambia. Ndipo akasikia kitu ndani ya zege, sauti ndogo, kama mtu anatafuna mchanga.

Akapuliza.

Walitoka wakijivuta. Wambura alimjia akiwa amekunja uso.

"Mama Erica, nini tena?"

"Linasogea. Nimelisikia."

Wambura alimtazama kidogo, kisha akageuka kuhesabu watu. Kumi na mmoja.

Filipo alikuwa bado juu kabisa, anakata vyuma kwa gesi, masikio ameyaziba. Cheche zilionekana zikimwagika. Wambura aliita mpaka sauti ikamkauka. Upepo uliichukua yote. Baada ya kipenga hakuna kuingia, sheria hiyo aliiweka yeye mwenyewe, na sasa miguu yake ilikuwa kama imefungwa papo hapo.

Dorkasi aliokota kipande cha nondo. Bomba la kushikia lilipanda na ngazi kutoka chini hadi pale alipokuwa Filipo. Ili kulifikia ilibidi aingie chini ya jukwaa. Aliingia. Alilipiga bomba kwa nguvu zake zote, mara tatu, mara nne, huku changarawe zikimdondokea mabegani. Mkojo ulimtoka, akaendelea kupiga.

Filipo alihisi bomba likitetemeka chini ya mkono wake, akachungulia. Alifunga gesi kwanza, taratibu, kama alivyofundishwa. Dorkasi aliona dakika hiyo ndefu kuliko miaka yake yote ya kokoto. Kisha kijana akashuka, wakakimbia pamoja hadi getini.

Halafu hakuna kilichotokea.

Dakika kumi zikapita. Ishirini. Mtu mmoja akaguna. Wambura akatazama saa, kisha akamtazama Dorkasi. Dorkasi alijifunga kanga vizuri kuficha nguo iliyolowa. Alijikuta anamwomba Mungu jukwaa lianguke, akaogopa sala hiyo kuliko alivyoogopa chochote siku ile.

Lilianguka bila haraka. Lilipiga goti kwanza, kisha likajilaza lote ndani ya uwanja, na mtetemo wa ardhi ukawapanda hadi magotini. Vumbi liliwafunika. Katika giza hilo jekundu Wambura alihesabu watu kwa kuwagusa vichwa, na alipofika kwa Dorkasi mkono wake ulikaa pale.

Vumbi lilipotua, pale penye jukwaa palikuwa na anga tupu, na chini yake nyumba za mtaa wa Miyuji ambazo hawakuwahi kuziona kutoka hapo. Uani mwa mojawapo, mwanamke alikuwa amesimama na shuka lililolowa mikononi, anawatazama.