Gari Letu Lilivyozisalimia Kona za Lushoto

Niliota, usiku wa jana, kwamba gari letu limeingia sebuleni na kukaa kwenye kochi. Halikubomoa ukuta. Lilipita mlangoni kama mtu anayeijua nyumba, likajiegemeza pembeni, waya wake umechomekwa pale tunapochomekaga pasi.

Nieleze kwanza. Gari letu ni dogo, ni la umeme, na lilishatumiwa na watu wengine kabla halijafika kwetu Korogwe. Betri yake imechoka. Likijaa linaonyesha kilomita tisini, na hizo ni za barabara tambarare. Siti nimezishonea vitambaa vya kanga kwa mkono wangu, na nyuma Kibwana, mume wangu, amelipaka mstari wa njano kwa sababu eti linapotea machoni. Halina mlio. Kuku wa uani wameshalizoea, ila watu bado wanashtuka.

Bibi yangu aliyenilea anakaa Magamba, juu kabisa, ukishaipita Lushoto. Macho yake yanafunga. Daktari amesema mwaka hautaisha akiwa anaona, na Bibi ameomba kitu kimoja tu: aione sura ya Mwanaheri, mwanangu wa miezi tisa. Kwa basi tulijaribu mwezi wa nne. Mtoto alitapika mpaka akalegea, hata Mombo hatujafika, tukateremka tukarudi. Kwa gari letu Kibwana hataki kusikia. Yeye ni mtu wa Kilwa, kwao nchi imelala. Anasema tutazimikia katikati ya kona na mtoto mkononi.

Basi, katika ndoto gari linaniambia, bila haraka, "Mama Heri, nina asilimia sabini na nane. Nikifika themanini tunaondoka."

Taa zikazimika. Mita ya LUKU ukutani ikakohoa, ikasema yuniti zimekwisha, niingize tarakimu ishirini. Sikuwa na tokeni. Nikaingiza nilizokuwa nazo kichwani: tarehe ya kuzaliwa Mwanaheri, saa na dakika aliyozaliwa, kilo alizozaliwa nazo, kilo alizopimwa kliniki wiki iliyopita, miezi yake tisa, na meno yake mawili nikiyatangulizia sifuri. Zikatimia ishirini.

Mita ikafikiri. "Imepokelewa," ikasema. Halafu ikauliza kama anakula vizuri. Nikaijibu kwamba uji anaupenda, ndizi anatema.

Taa zikarudi, gari likafika themanini, likajichomoa lenyewe. Nikaliuliza kwa nini lisijae kabisa, safari ndefu hivi. Likasema kitabu chake kinakataza betri ya umri ule kuvuka themanini, ishirini lazima ibaki. Likaongeza kwamba sheria hiyo ni ya chombo pamoja na abiria wake, kwa hiyo kila mmoja wetu aache asilimia ishirini yake nyumbani.

Sikubisha. Niliacha kisigino cha kushoto na usingizi wa mchana. Mwanaheri aliacha kilio, tukakifunika na kapu. Kibwana alizunguka chumba kizima akitafuta cha kuacha, mwisho akaacha maoni yake juu ya friji. Tulipofunga mlango tuliyasikia yakijisemea huko ndani kwamba betri ile haifiki popote.

Mlango ulifungukia shamba la katani. Katikati ya mistari ya katani kuna karakana, na fundi wake ni mbuzi mwenye futikamba shingoni. Anapamba magari. Akalizunguka letu, akanusa vitambaa vya siti, akasifu mshono. Tatizo, akasema, ni sauti. Anazo sauti kwenye chupa za soda: ya lori la mizigo, ya basi la alfajiri, ya pikipiki yenye mafua. Nichague moja aifunge.

Nikamwambia mtoto amelala, sitaki.

"Mama, mlimani gari lisilo na sauti ni sawa na mtu anayepita watu kimya."

Nikamjibu kwamba lina adabu, likihitaji kusema litasema. Mbuzi akaniandikia kibali cha kupanda mlima, akakigonga muhuri kwa kwato, kisha akakila. Akatuambia sasa kimeingia kwenye kumbukumbu, twende.

Hapo hapo tuko Mombo. Barabara imesimama wima kama ngazi imeegemezwa kwenye mlima, juu yake mawingu. Nikageuka nyuma kuangalia chaji, maana katika ndoto chaji haikuwa kwenye kioo. Kilomita wetu arobaini waliobaki walikuwa wamekaa siti ya nyuma, wamebanana, kila mmoja na mkoba wake, wamempakata Mwanaheri kwa zamu. Na kutoka pale mpaka kwa Bibi ni kama kilomita arobaini. Hesabu ilikaa sawa, haikuwa na ziada wala upungufu, na mimi nilikuwa na hakika kwamba inatosha.

Tukaanza kupanda. Walikuwa wanateremka wawiliwawili. Kilomita mmoja akipaswa kushuka, anashuka na jirani yake ili wasindikizane. Nikaona hatari.

Kona wa kwanza alikuwa mzee mwenye koti la mvua, amekaa pale barabara inapopinda, au tuseme yeye ndiye aliyepinda. Nikaliambia gari lipite tu, lisisimame, hatuna chaji ya maongezi. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na mimi nimekulia huko huko, nisingizie nini. Likapita kimya, sentimita chache kutoka magotini kwake. Mzee alijikunja zaidi.

Nyuma kukawa na minong'ono. Kilomita mmoja, mama mnene mwenye mwavuli, akainamia siti yangu.

"Binti yangu, sisi tumezaliwa huku. Hatuwezi kuonekana ndani ya gari lisiloamkia wazee."

Wakashuka wanane kwa mpigo, wakamrudishia Kibwana mtoto. Nikawahesabu waliobaki. Kumi na nane, na mlima ndio kwanza umeanza. Kibwana akanitazama. Kwa kuwa maoni aliyaacha nyumbani, alinitazama tu, na hilo liliniuma kuliko angesema. Mawazoni nikamwona Bibi amekaa mlangoni kwake, ameelekeza uso upande usio na barabara, anatusubiri.

Kwa kona wa pili nikasema, "Simama."

Huyu alikuwa bibi kizee amejitanda blanketi. Nikashusha kioo, nikamsalimia kwa Kisambaa, salamu ya asubuhi, ile yote. Nikamuuliza ameamkaje, nyumbani wameamkaje, ng'ombe, maharage, kikohozi cha mzee, mvua ya juzi. Akajibu kimoja kimoja. Kisha ikawa zamu yake, akaanza na sisi: watu wa Korogwe, joto la huko, mtoto, meno ya mtoto. Nyuma yetu lori likasimama linanguruma, linakula mafuta yake, dereva ameweka kidevu kwenye usukani.

Nikachungulia siti ya nyuma nikitegemea kuikuta tupu. Hakuna aliyeshuka. Nikasalimia zaidi, nikauliza hadi habari za shangazi zake. Nikachungulia tena. Kumi na nane wale wale, mmoja amevua viatu.

Nikaliuliza gari kulikoni.

"Gari la mafuta likisimama linakula," likasema. "Mimi nikisimama sili. Nasikiliza."

Tangu hapo sikuogopa tena. Hatukumpita kona hata mmoja. Kila mmoja tulimpa salamu yake, nzima, bila kukata, na kona wakawa wanapelekeana habari kwamba kuna gari linakuja taratibu, lina kanga ndani na lina malezi. Wengine wakawa wanajinyoosha kidogo tupite. Kibwana naye akataka kushiriki. Akatoa kichwa dirishani akamwambia kona mmoja, mzee kabisa, "Mambo."

Kona akanigeukia mimi. "Huyu umemtoa wapi?"

"Kilwa, babu."

"Ah. Mwache. Kwao hawana kona."

Kibwana akarudisha kichwa ndani. Kilomita walicheka mpaka gari likatikisika.

Pale Soni, wauza matunda walipokuwa wanatuingizia peasi madirishani, niliona kwenye kioo cha pembeni watu wanane wanapanda kwa miguu, viatu mkononi, mama wa mwavuli mbele. Walikuwa wamesikia. Nikasimama, wakapanda bila maelezo, wakadai mtoto wao. Nikampa yule mama, nikamwomba radhi. Akasema yameisha.

Lushoto tuliipita bila kuiona, nadhani ilikuwa imekwenda sokoni.

Kona wa mwisho hakuwa kona. Lilikuwa jiko la Bibi. Gari liliingia, likakaa kando ya mafiga pale paka anapolalaga, kwa kimya chake kile kile, kwa hiyo hakuna kilichomwagika. Chungu cha maharage kilikuwa motoni. Kilomita wote walikuwa wamekwisha kushuka njiani kwa kupeana mikono. Alibaki mmoja, kizee mwembamba mwenye koti na kofia, amekaa katikati ya siti kama mlinzi.

"Shikamoo Bibi," nikasema.

"Marahaba. Umekonda," akasema Bibi, ingawa hakuwa anatazama upande wangu. Alinyoosha mikono. "Nipe nimwone."

Nikampa Mwanaheri. Bibi akamsogeza karibu na uso, akamsogeza mbali, akamgeuza kwenye moto. Nikaona anavyohangaika. Jiko lilikuwa na moshi, mwanga wa kuni ulikuwa mwekundu na mdogo, na macho yale yalikuwa yameshakwenda mbali. Akaanza kumpapasa kwa vidole, akasema si kitu, vidole navyo vinaona. Aliisema vizuri sana, kama mtu aliyeifanyia mazoezi.

Nikaliambia gari liwashe taa.

Kizee wa siti ya nyuma akainua mkono. "Mimi ni wa akiba. Kitabu kinasema siguswi."

"Najua, mzee wangu. Tunakuhitaji sasa."

"Nikitoka mtabaki sifuri."

"Toka," nikasema.

Akafikiri. Akafunga vifungo vya koti, akakaza kofia, akapita katikati ya siti mbili za mbele bila kutugusa, akatoka kupitia taa.

Jiko zima likawa jeupe. Ningeweza kuhesabu masizi kwenye dari. Bibi akamshika Mwanaheri mashavu kwa viganja vyote viwili, na safari hii macho yake yalitulia mahali pamoja. Alitazama muda mrefu. Mwanaheri naye alimtazama, kwa uzito ule wa watoto, mdomo wazi, meno yote mawili nje.

"Masikio ya babu yako haya," Bibi akasema. "Kidevu ni changu, asije akakuambia mtu vingine. Pua mmeitoa Kilwa. Si mbaya. Itazoea baridi."

Akamweka kifuani, karibu na moto, akamtingisha kidogo. Taa ikaanza kufifia taratibu na hakuna aliyeishangaa. Baadaye, bila kugeuka, akauliza tutarudije.

"Kushuka, Bibi, mlima unarudisha ulichochukua."

Gari likaitikia kwamba ni kweli kabisa, likiteremka betri yake hujipatia chaji.

Nikaamka. Asubuhi imeshaingia dirishani, Kibwana amekaa ukingoni mwa kitanda anajikuna shingo, Mwanaheri amelala kifuani kwangu, mzito, mdomo wazi. Nikamwambia Kibwana kwamba leo tunakwenda Magamba, na kwa gari letu. Akavuta pumzi ili aanze ya betri.

Nikainama kumbusu mtoto utosini, nikabaki hapo hapo. Nywele zake zilinuka moshi wa kuni. Hii nyumba tunapikia gesi, na jirani zetu wote wanapikia gesi.

Nilimnyanyua nikamkabidhi baba yake. Kibwana akamnusa mara moja, akaninyanyulia macho, akamnusa tena.

Kisha akauliza sweta la mtoto liko wapi.