Tethisi Ana Muda wa Kununa

Kumwita marehemu siwezi, kwa kuwa hajaonekana. Nassor, mume wangu, alitoka nyumbani kwetu Guildford, huku ughaibuni, Jumapili asubuhi kwenda kuvua samaki kwenye miamba ya Kurnell, wimbi likamchukua. Siku ya saba binti yetu Ghada aliweka simu mezani akasema, "Mama, they've called off the search." Hata kunitazama hakuweza. Polisi walikuwa wameacha kumtafuta.

Sanda nilikwisha kuikata. Kafuri ninayo. Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe, na ruhusa hiyo niliitaka kuliko chochote, kwa sababu lipo neno sijamwambia.

Tangu tuoane Tanga, miaka ishirini na miwili, Nassor hakutoka nyumbani bila kusimama mlangoni na kusema, "Niwie radhi." Nami humjibu, "Nimekuwia, nawe niwie." Naye husema, "Nimekuwia," akiwa ameshashika kitasa. Jumapili ile aliomba, mimi nikaendelea kukoroga chai. Nilikuwa nimemnunia kwa siku arobaini, na siku zote hizo sikumjibu, eti kwa sababu alinicheka mbele ya wageni nilipofeli mtihani wa kuendesha gari mara ya tatu. Alingoja kidogo. Kisha nikasikia ndoo yake ya chambo ikigonga ukuta, na mlango ukafungwa. Jambo lenyewe la kipuuzi mpaka naona haya kulisimulia.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Stavroula, Mgiriki wa miaka tisini, ndiye peke yake asiyeniambia nijipe moyo. Nilikuwa namwosha miguu kwenye beseni, nimeshamsimulia yote, hata kununa kwangu, alipomtaja Tethisi. Wagiriki wa kale, alisema, walimwamini huyo kuwa mungu wa kike wa maji, mkongwe kuliko miungu yao mingi, mama wa mito yote. Mumewe Okeano ndiye maji yanayoizunguka dunia. Waligombana, wakahamana kitanda, hawasemezani.

"Mwombe yeye akurudishie," akasema. "Anajua kununa. Atakuelewa."

"Mimi Mwislamu, bibi. Simwombi asiyekuwa Mungu."

"Basi usimwombe. Mwambie tu."

Nilimfuta miguu kwa hasira. Lakini aliyekata tamaa hachagui pa kwenda. Alhamisi nilipanda treni, kisha basi, sanda nimeitia kwenye mfuko wa dukani, nikaenda kusimama juu ya mwamba ule. Wanaume wawili walikuwa wanavua palepale, kama vile hakuna kilichotokea.

"Bi Tethisi," nikaanza, "mumeo na mume wangu..." Sikumaliza. Hasira ilinipanda. Mumewe hafi. Anaweza kumnunia miaka elfu, na siku akichoka akigeuka, atamkuta yupo. Yeye ana muda wa kununa. Mimi nani aliniambia ninao?

Nikaachana naye. Nikasema kwa sauti, "Nassor, nimekuwia radhi." Wavuvi wakageuka kunitazama. "Nawe niwie," nikaongeza, kisha nikanyamaza, maana hapo ni zamu yake kujibu.

Basi likaja kule barabarani, likaondoka, likaja jingine. Mvuvi mmoja akanisogelea, akaniuliza kwa upole kama kuna mtu ninamngoja.

Nikamwambia ndiyo.